Kirabiranya Haitaondoka kwa Panga Peke Yake

Mtu yeyote apitaye alfajiri katika soko la Kimironko, hapa Kigali, huiona mikungu ya ndizi ikishushwa kutoka katika malori yaliyoondoka Kirehe na Ngoma kungali giza. Hakuna haja ya kumweleza Mnyarwanda thamani ya mikungu hiyo. Kwa makadirio yatajwayo mara kwa mara na wataalamu, karibu robo ya ardhi inayolimwa nchini imefunikwa na migomba. Mkulima asiye na akiba benki ana akiba yake shambani, nayo humpatia ada ya shule muhula unapoanza. Urwagwa ndio pombe ya posa na ya kumpokea mgeni. Majani na shina hulisha ng'ombe na kurutubisha udongo wa kahawa. Kwa hiyo tunasema bila kusita kwamba adui wa mgomba ni adui wa nyumba ya Mnyarwanda.

Adui huyo tunamfahamu kwa jina. Ni kirabiranya, ugonjwa wa bakteria ambao ndugu zetu wa Kagera huuita mnyauko. Ulijulikana kwanza Ethiopia katika miaka ya 1960, katika mmea wa enseti ulio jamaa ya mgomba, ukakaa huko muda mrefu kana kwamba hauna haja na nchi nyingine. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na katika miaka hiyo hiyo ukaonekana Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2005 ukavuka mpaka na kuingia Rwanda upande wa Rubavu. Mwaka uliofuata ukawa umefika Kagera.

Dalili zake kila mkulima anazijua. Majani hugeuka manjano na kunyauka kama yaliyopitiwa na moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, moja hapa na nyingine pale katika mkungu ule ule, na ukizipasua zina rangi ya kutu ndani. Ukilikata shina, hutoka utomvu wa manjano hafifu. Ndizi hizo hazifai kupikwa wala kukamuliwa. Wadudu wanaofuata utamu wa lile ua jekundu lining'iniapo chini ya mkungu huwabeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba. Lakini tuseme ukweli: msambazaji mkubwa ni mwanadamu mwenyewe kwa panga lake. Mkulima hukata jani la mgomba mgonjwa, kisha kwa panga lile lile hukata jani la mgomba mzima, naye hajui kwamba amekwisha kuua. Jirani humpa jirani yake chipukizi kwa wema, na wema huo hugeuka msiba wa kilima kizima.

Kwa miaka mingi amri ilikuwa moja tu: ng'oa. Palipoonekana mgomba mmoja mgonjwa, shina mama na machipukizi yake yote yalifukuliwa na kufukiwa. Kazi hiyo si ya mchezo. Yeyote aliyewahi kushika jembe siku ya umuganda kumsaidia mjane kung'oa migomba yake anajua jinsi mizizi ile ilivyoshikamana na ardhi, na anajua pia jinsi mwenye shamba anavyosimama kando bila kusema neno. Tumewaona wazee wakitii amri huku wamegeuza nyuso zao. Hatuwalaumu waliotoa amri, maana walitumia ujuzi uliokuwapo. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba bakteria hawafiki lazima katika kila shina la familia moja ya mgomba, na kwamba mkulima akikata mapema shina lenye dalili peke yake, bila kuchoka na bila kuruka wiki, ugonjwa hupungua sana huku shamba likibaki. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Hata hivyo yanamtaka mkulima awe mlinzi wa zamu katika shamba lake maisha yake yote, na akisinzia msimu mmoja adui hurudi.

Baadhi ya wasomaji watauliza: kwa nini wataalamu wasituletee mgomba usiougua? Swali hilo ni la haki na lina jibu. Katika mahindi au maharage, mtaalamu huoanisha mmea wenye kinga na mmea wenye mazao mengi, akachagua watoto walio bora, akarudia tena na tena mpaka apate mbegu anayoitaka. Mgomba tunaoula hauna mbegu. Seli zake zina seti tatu za urithi badala ya mbili, na kwa sababu hiyo ni tasa au karibu na tasa. Kila mgomba wa kamaramasenge ulioko nchini ni chipukizi la chipukizi la chipukizi, pacha wa mwingine. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Isitoshe, aina za mashambani zote hushambuliwa kwa viwango mbalimbali. Kinga ya kweli imeonekana katika mgomba wa mwituni uitwao Musa balbisiana, ambao ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama changarawe. Wataalamu wa Uganda na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, walianza kazi ya kuoanisha migomba ya nyanda zetu za juu katika miaka ya 1990, wakapata aina chotara zilizoitwa NARITA. Nazo zilikusudiwa hasa kupambana na madoa meusi ya majani. Ni kazi ya heshima iliyokula umri wa watu.

Hapo ndipo linapoingia jina la Leena Tripathi, mtaalamu wa urithi wa mimea wa taasisi hiyo hiyo ya IITA, ambaye amefanya kazi kwa miaka mingi Kampala na Nairobi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya migomba iliyotiwa jeni kutoka katika pilipili hoho na kujaribiwa shambani nchini Uganda. Migomba hiyo iliustahimili mnyauko. Lakini ilibeba jeni ya mmea mwingine, na Uganda haikuwa na sheria ya kuiwezesha kufika kwa mkulima; muswada uliopitishwa na bunge mwaka 2017 ulirudishwa na rais bila kutiwa sahihi. Migomba ikabaki nyuma ya uzio ilhali jirani zake nje ya uzio ikinyauka.

Njia ya pili ni ya kuhariri. Neno hili sisi wa magazeti tunalijua. Mhariri mwema hapandi habari ngeni katika makala ya mtu. Hufuta neno lenye madhara, na makala hubaki ya mwenyewe. (Wapo wahariri wa namna nyingine, lakini hao si wa kuzungumziwa leo.) Mwaka 2012 Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa walionyesha kwamba silaha ambayo bakteria huitumia kukata vinasaba vya virusi wanaowavamia inaweza kuelekezwa mahali popote tunapotaka katika vinasaba vya kiumbe. Silaha hiyo inaitwa CRISPR, na mwaka 2020 iliwapatia wanawake hao wawili Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ina kielekezi kinachotafuta sentensi moja katika kitabu kizima cha urithi, na protini iitwayo Cas9 ambayo hukata pale pale kielekezi kiliposimama. Seli hujitibu jeraha lake, lakini hujitibu kwa haraka na kwa makosa. Herufi moja au mbili hupotea, na sentensi ile haisomeki tena.

Sentensi aliyoitafuta Tripathi ni jeni iitwayo DMR6. Mtu angedhani kwamba jeni zote za mmea humtumikia mwenyewe, kumbe sivyo. Hii ni mlinzi msaliti: bakteria wanapovamia, yenyewe huamka na kuuzima ulinzi wa mmea. Mwaka 2021 kundi lake lilitangaza kwamba limeinyamazisha katika sukali ndizi, ambayo hapa kwetu ni kamaramasenge, na kwamba miche iliyohaririwa iliwastahimili bakteria wa mnyauko kuliko ile ya kawaida bila kudumaa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2019, kundi hilo hilo lilikuwa limeharibu virusi vya michirizi vilivyojificha ndani ya vinasaba vya gonja, ile ndizi ndefu ya kukaanga. Virusi hivyo hulala kimya vizazi na vizazi, kisha huamka mmea unapopata shida kama ukame. Robo tatu ya miche iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipotiwa kiu makusudi.

Tunaona fahari ya Afrika Mashariki katika habari hizi, kwa kuwa kazi ilifanyika Nairobi, juu ya ndizi zetu, kwa ajili ya ugonjwa wetu. Lakini fahari isitufanye tufumbe macho. Matokeo ya mwaka 2021 yalipatikana katika nyumba ya vioo, ambamo mmea hauna upepo, hauna jua la Kirehe, wala hauna panga la mkulima mwenye haraka. Kilichostahimili ndani ya vioo sharti kistahimili nje, kwa misimu kadhaa, katika udongo mbalimbali, kabla mtu hajaambiwa ang'oe cha zamani na kupanda kipya. Bakteria nao si wajinga. Kinga inayotegemea jeni moja yaweza kuzungukwa, kama ngome yenye lango moja.

Liko jambo jingine ambalo halitajwi sana katika hotuba, nalo ndilo gumu kuliko yote. Ili kuiingiza CRISPR ndani ya seli ya mgomba, wataalamu kwa kawaida huupa mmea maandishi ya kutengeneza mkasi wenyewe, na maandishi hayo hubaki ndani ya mmea baada ya kazi kwisha. Katika mtama hili si tatizo kubwa: mtaalamu huoanisha mmea uliohaririwa na mwingine, na miongoni mwa watoto huchagua wale waliorithi badiliko lakini hawakurithi mkasi. Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliyepewa Tuzo ya Afrika ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2020, anahariri mtama uweze kukwepa kiduha, lile gugu linyonyalo mizizi ya nafaka. Kwake mlango huu upo wazi. Kwa mgomba mlango umefungwa, kwa sababu mgomba hauoanishwi. Mkasi ulioingia haurudi nje. Dawa yake ni kuingiza mkasi uliokwisha kutengenezwa, ufanye kazi yake na kuyeyuka bila kuacha alama, na kazi hiyo katika mgomba ni ya mikono stadi na subira kubwa. Msomaji akisikia kwamba mgomba fulani umehaririwa, aulize kwanza swali hili: mkasi umetoka?

Swali hilo ndilo linalozigawa nchi katika sheria. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mmea uliohaririwa uhesabiwe sawa na uliotiwa jeni ngeni, na mwaka 2023 Tume ya Umoja huo yenyewe ikapendekeza kulegeza kamba. Nigeria ilitoa mwongozo wake mwaka 2020. Jirani zetu wa Kenya waliufuata mwaka 2022, wakasema kwamba mmea usiobeba vinasaba vigeni utashughulikiwa kama mmea wa kawaida, baada ya mwenye kazi kuyafikisha maelezo yake mbele ya mamlaka husika. Rwanda nayo ilipata sheria yake ya usalama wa kibayoteknolojia mwaka 2024. Hatua hiyo tuliipokea kwa furaha, kwa sababu nchi isiyo na sheria haikatai wala haikubali. Huachia mambo yajipeleke yenyewe, na mipaka ya mashamba yetu na majirani ni rahisi kuvukwa na chipukizi lililofichwa chini ya mzigo wa kuni.

Sheria ni mwanzo. Tunadai, na neno kudai tumelichagua kwa makusudi, kwamba kila ombi la kujaribu mmea uliohaririwa katika ardhi ya Rwanda litangazwe kwa Kinyarwanda chepesi na kwa Kiswahili, na lisiishie katika Kiingereza cha wataalamu. Mkulima wa Rwamagana aambiwe ni jeni gani iliyonyamazishwa, ni nani aliyejaribu, na mmea umepandwa umbali gani kutoka kwake. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Basi kitumike katika mambo mazito, kisiachiwe sherehe na mipira peke yake.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni hila ya mabepari wa mbegu. Hatuwadharau. Hati za ubunifu juu ya CRISPR zimeshikwa na vyuo na makampuni ya ng'ambo, ambavyo vimepelekana mahakamani kwa miaka kugombea nani mwenye haki. Nchi inayokubali kutumia silaha ya mwingine bila kusoma masharti ya mkataba itajikuta inaomba ruhusa ya kulima. Lakini jibu la hatari hiyo haliwezi kuwa kukimbia elimu. Ndizi haiuzwi kwa mbegu. Huenea kwa chipukizi, kutoka mkono hadi mkono, na hapana kampuni inayoweza kusimama katika kila shamba la Rwanda kuzuia mama asimpe binti yake chipukizi siku ya kuolewa. Tunachotaka ni kwamba haki hiyo ya mama iandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza, na miche ya aina yoyote itakayokubaliwa izalishwe na kugawiwa na taasisi ya umma.

Wengine husema kinyume chake: kwamba CRISPR itamaliza njaa kesho asubuhi. Hao nao tunawaomba wapunguze sauti. Mwaka 2019 wataalamu nchini Marekani waliripoti kwamba walikuwa wamehariri mihogo dhidi ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule ule ulioyapiga vibaya mashamba yetu ya mihogo mwaka 2014. Walipata nini? Dalili zilipungua katika mizizi, virusi havikutoweka. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, kwa hatua fupi, na anayeahidi mruko mmoja anauza kitu.

Tunarudi katika jambo tunaloliona kuwa kiini. Nani atafanya kazi hii kwa ajili yetu? Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nchi hii ilipoteza watu wake, na pamoja nao wataalamu waliosomeshwa kwa jasho la taifa. Hata mbegu zilihitaji kurudishwa: vituo vya kimataifa vilivyokuwa vimehifadhi maharage ya Rwanda viliungana katika mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, wakazizidisha katika nchi jirani na kuzirejesha. Tunawashukuru mpaka leo. Lakini yeyote aliyeziona siku zile, au aliyelelewa na waliookoka, anaelewa maana ya kuwa na hazina yako mwenyewe chini ya paa lako. Benki ya mbegu ya Rubona, maabara za Bodi ya Kilimo na Mifugo, vijana walioko vyuoni Busogo na kwingineko: hawa ndio akiba ya ulinzi wa chakula chetu.

Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi, askari walishuka mashambani bega kwa bega na wakulima, wengine wakipuliza dawa, wengine wakiwaokota viwavi kwa vidole. Ilikuwa sawa kufanya hivyo, maana adui alikwisha kuwa ndani ya boma. Lakini jeshi lolote hujua kwamba ushindi wa namna hiyo ni wa gharama, na kwamba mtu mmoja aliyemsoma adui miaka kumi kabla angeokoa vidole elfu. Mwaka 2023 ilianzishwa mjini Nairobi kozi ya kuwafundisha wataalamu wa mimea wa Kiafrika kuhariri vinasaba. Swali letu kwa wahusika ni fupi: kila mwaka tunapeleka wangapi, na wakirudi wanakuta nini? Kijana anayerudi na ujuzi wa kukata herufi moja katika kinasaba, akakuta maabara isiyo na umeme wa uhakika wala kemikali za kutosha, ataondoka. Wala hatakuwa msaliti. Atakuwa mtu mwenye kazi asiyepewa kazi.

Na atakayebaki, tunampa agizo moja. Atoke maabarani kabla hajaanza. Aende Kirehe akamuulize mkulima ni mgomba gani anaoulilia. Huenda mkulima asiseme kamaramasenge. Huenda akataja Intuntu ya urwagwa wa babu yake, au Injagi ya kupika, au akasema kwamba shida yake kubwa ni Gisubi, inayoshambuliwa haraka kuliko zote kwa njia ya ua lake na ambayo hataki kuiacha kwa sababu huzaa hata udongo ulipochoka. Mgomba uliohaririwa vizuri lakini usiotoa urwagwa mzuri utang'olewa na wenyewe, bila kirabiranya wala amri ya serikali.

Miche hiyo haitakuwa tayari msimu huu wala ujao. Mvua zinaanza, na wadudu wanaanza nazo. Kwa hiyo kila mwenye mgomba avunje ua jekundu kwa kijiti chenye panda mara tu ndizi za mwisho zinapojitokeza, asilikate kwa kisu. Panga lipitishwe motoni, au lioshwe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, kila linapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Chipukizi lisichukuliwe katika shamba ambalo mtu hakulikagua kwa macho yake. Na shina lenye dalili likatwe siku ile ile lilipoonekana, hata kama ni siku ya soko.